Kadi Mbili za Alhamisi

Wifi yangu Marvelle hapendi kuambiwa kwamba amechoka. Ukimwambia, atakuuliza kama huna kazi ya kufanya kwako, kisha atainuka aoshe vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Kwa hiyo Jumatano ile nilipomkuta amesimama mbele ya friji, mkono mmoja mlangoni na mwingine kiunoni, sikusema kitu. Nilijimiminia kahawa nikakaa.

Mlango wa friji ile una sumaku kumi na tisa. Bustani ya michezo ya Silver Heron huwapa wenye kadi za mwaka sumaku moja kwa kila familia kila mwaka, yenye picha ya korongo aliyevaa kofia, na hapa kwetu Haines City watu huzibandika kwenye friji au kwenye buti la gari ili jirani aone. Ile ya kwanza imepauka mpaka korongo hana mdomo. Ya mwisho ilikuwa imeshikilia barua.

"Wanataka jibu, mwisho Jumamosi," Marvelle akasema bila kugeuka.

"Jibu la nini?"

"La kadi. Bei imepanda tena. Na wanasema kadi ya aina yetu hawawauzii tena watu wapya. Ukiiacha ikafa, ndiyo basi, huipati maisha."

"Iache ife," nikamwambia. "Itazikwa kwa heshima."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo lenyewe ni zito, maana Marvelle hucheka hata msibani.

Lazima niseme ukweli wangu mapema. Mimi, Verdell, nimekuwa nikiidhihaki kadi ile tangu siku ya kwanza. Marvelle ameolewa na mdogo wangu Dewitt, na wifi asipochokozwa na wifi yake nani atamchokoza? Nilikuwa nikiwaambia kwamba wanalipa pesa nyingi ili wakapange foleni kwenye jua. Wao walikuwa na hesabu yao, ile ambayo kila mwenye kadi katika kaunti hii anaijua kama jina lake: ukienda mara nne, kadi imejilipa, kuanzia mara ya tano, unaingia bure. Hesabu hiyo imewatesa watu wengi. Nimewaona majirani wakienda na mafua, wakienda na mguu kwenye plasta, eti kadi bado haijajilipa. Mwaka wa kile kimbunga kikubwa, umeme ulipokatika mtaa mzima na paa la Dewitt likawa na tundu la kutosha kupitisha paka, wao wawili waliifunika sebule kwa turubai wakaenda Silver Heron. Bustani ilikuwa na umeme wake. Walikaa siku tatu mfululizo kwenye banda la maonyesho lenye kiyoyozi, wakinywa maji ya barafu ya bure. Marvelle alirudi akisema mwaka ule kadi iliwalipa wao.

Siku yao ilikuwa Alhamisi. Dewitt aliendesha lori la machungwa miaka thelathini, naye Marvelle alipika katika jiko la shule, na walipostaafu waliichagua Alhamisi kwa sababu watalii huwa wachache. Hawakupanda vitu vya kupigisha watu kelele. Waliingia, wakageuka kushoto, wakapanda treni ndogo inayozunguka ziwa, wakanunua karanga za kuchemsha, wakakaa kwenye benchi lenye feni juu yake, wakawasema wapita njia. Saa sita mchana walikuwa wamesharudi nyumbani. Huo ndio utajiri wote waliokuwa wakiununua.

Kisha Dewitt akaanza kusahau. Kwanza funguo, halafu barabara, halafu kaburi la mama yetu liko wapi. Sasa ni mwaka wa tatu. Usiku anaamka na kuvaa viatu kwenda kupakia machungwa, na Marvelle anaamka naye. Mchana anauliza jambo moja: "Tunaondoka saa ngapi?" Mahali pekee ambapo haulizi ni Silver Heron. Pale hutulia. Ndiyo maana Marvelle, mwenye magoti yanayolia kama bawaba, aliendelea kumpeleka kila Alhamisi, akimvusha maegesho yale makubwa kwenye jua la Julai.

"Corinne amepiga simu," akaniambia Jumatano hiyo, akakaa hatimaye. Corinne ni binti yao, anaishi Atlanta. "Amepiga hesabu. Anasema pesa ya kadi mbili, na mafuta, na chakula cha kule, inatosha kumlipa mtu aje akae na baba yake asubuhi mbili kila mwezi. Nilale."

"Asubuhi mbili kwa mwezi ndizo za kulala?"

"Wifi, mimi hata asubuhi moja naitamani." Alisema polepole, akitazama kikombe changu. "Lakini nikiiacha kadi, nimemnyang'anya kitu chake cha mwisho. Nikiilipia, sijui miguu hii itafika wapi. Na kama hata hapajui tena pale? Nitakuwa nalipia nini?"

Nilikunywa kahawa yake nikaenda zangu, na hiyo ndiyo desturi yangu tangu mdogo wangu augue. Naja, nakunywa, nasema neno la kuchekesha, naondoka. Mwenyewe nilijiona dada mwema.

Alhamisi alinipigia akaniomba nifuatane nao. Alikuwa hajawahi kuniomba. Nilivaa kofia yangu ya kanisani, ile yenye ukingo mpana, nikaenda.

Langoni kuna mashine inayosoma kadi na kidole. Kidole cha Dewitt kilikataa mara tatu. Vidole vya wazee vimeshafutika, na miaka thelathini ya usukani haikuvisaidia. Binti wa langoni alimwangalia kwa upole.

"Mzee, niambie tu jina lako."

Dewitt akamtazama Marvelle. Marvelle akatazama chini, makusudi. Niliona shingo ya mdogo wangu ikilowa jasho.

"Dada," akaniambia mimi, "mwambie huyu mtoto mimi ni nani."

Nikamwambia. Tukaingia.

Baada ya lango njia inagawanyika. Kushoto ni stesheni ya treni. Kulia ni farasi wa mbao wanaozunguka, na maduka. Marvelle aliuachia mkono wa mumewe, akarudi nyuma hatua mbili, akanishika kiwiko.

"Usimwonyeshe," akaninong'oneza. "Wiki zote hizi nimekuwa nikimgeuza mimi. Leo namwacha. Akienda kushoto, nalipia. Asipokwenda, basi."

"Huo ni ujinga, Marvelle."

"Basi niache na ujinga wangu."

Dewitt alisimama. Watu walimpita huku na huku, mama mmoja akamgonga na kigari cha mtoto akaomba radhi. Treni ilipiga honi kule kushoto, na Mungu anisamehe, nilikohoa kwa upande huo. Marvelle alinifinya mpaka nikaona nyota. Dewitt hakugeuka kushoto. Hakugeuka kulia. Alinyoosha moja kwa moja, akiburuza viatu, mpaka kwenye benchi lililo karibu na gari la karanga, chini ya feni, akaketi.

Tulimfuata. Marvelle alisimama mbele yake, mkoba ukimning'inia mkononi, uso wake mtupu kabisa.

"Haya," akasema. "Nimepata jibu langu."

Dewitt akainua macho akamtazama muda mrefu, kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni.

"Mama," akamwambia, "keti. Umechoka."

"Mimi sijachoka."

"Umechoka, mama yangu, nakuona. Njoo ukae hapa penye upepo." Akasogea, akampisha chini ya feni, akapangusa benchi kwa kofia yake. "Hapa ni pa mke wangu. Ameenda kununua karanga. Ana maneno mengi yule, lakini roho mbaya hana. Akikukuta hatasema kitu."

Nilingoja Marvelle amwambie kwamba mke mwenyewe ndiye yeye. Nilingoja ageuke akatafute cha kuosha. Aliketi. Aliuweka mkoba miguuni, akashusha pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu mwaka wa kwanza wa ugonjwa.

"Mke wako anakuleta hapa?" akamuuliza.

"Kila Alhamisi."

"Na unapapenda?"

"Nampenda yeye," Dewitt akasema. "Hapa tunakaa tu."

Marvelle akaegemea nyuma. Baada ya dakika tano kichwa chake kilianza kuinama, kikainuka, kikainama, mwisho kikaegemea bega la mumewe. Alilala mdomo wazi, mchana kweupe, mbele ya watu, yeye ambaye huwa hasinzii hata mchungaji akihubiri saa mbili. Dewitt alikaa wima kama nguzo ili asimsumbue. Nilipogeuza mwili nichukue maji, alininyooshea kidole.

"Dada, usimwamshe mama wa watu. Mke wangu akija nitamweleza mwenyewe."

Nilikaa kwenye ukingo wa benchi nikaona aibu, na nasema aibu kwa sababu hilo ndilo neno linalofaa. Mtu asiyejua jina lake mwenyewe alikuwa ameona kwa jicho moja kile ambacho mimi nilikuwa nakitazama kila asubuhi kupitia mvuke wa kahawa ya bure. Wala si kwamba sikukiona. Nilikiona. Nilinyamaza kwa sababu ningesema, ningelazimika kusaidia.

Treni ilizunguka ziwa mara mbili kabla Marvelle hajaamka.

Tulirudi kwa gari mpaka tukafika barabara kuu. "Miaka kumi na tisa," Marvelle akasema, "na leo hakuijua hata njia." Dewitt alikuwa nyuma, amekumbatia mfuko wa karanga. "Tunaondoka saa ngapi?" akauliza.

Ijumaa nilikwenda kwake mapema kuliko kawaida, na kahawa nikaichemsha mimi.

"Lipia ya Dewitt," nikamwambia. "Yako iache ife."

"Kisha aende na nani, na yule korongo?"

"Na mimi. Nitanunua kadi yangu, ile ya watu wapya, isiyokubaliwa langoni siku za sikukuu. Alhamisi nitamchukua saa mbili asubuhi nimrudishe saa saba. Wewe utalala. Si asubuhi mbili kwa mwezi. Kila wiki."

"Wewe? Wewe uliyesema pale ni zizi la watu wazima?"

"Bado nasema."

"Utampoteza."

"Nikimpoteza nitakuletea mwingine, kule wako wengi."

Hapo alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likamtoka. Akainuka akaenda kwenye friji, akaigusa ile sumaku ya kwanza isiyo na mdomo. "Yangu ikifa siipati tena, Verdell."

"Najua."

"Ile siku akinikumbuka, akanitafuta kule, sitakuwepo."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Ningekuwa na busara ningejibu kitu, lakini busara sina, nina gari tu. Nikamwambia ajaribu kulala usingizi wa Alhamisi mbili kwanza, kisha anitukane.

Jumamosi tulikwenda watatu kwenye dirisha la kadi pale Silver Heron. Marvelle alitoa kadi moja, akaisukuma kwa yule kijana wa dirisha. Kijana akaangalia mashine yake.

"Na yako, bibi? Inakufa leo hii. Sitaweza kuirudisha."

"Yangu imeshajilipa," Marvelle akasema.

Mimi nililipia yangu huku nikinung'unika, wakanipiga picha niliyotoka kama mtu aliyekamatwa. Walitupa sumaku mbili. Moja imekwenda kwa Marvelle, ikawa ya ishirini. Nyingine iko kwangu kwenye droo, maana sijafikia kiwango hicho.

Alhamisi ya kwanza kidole cha Dewitt kilikataa tena mara tatu. Jina lake nililisema mimi kabla binti hajauliza. Tulifuata njia yake, si ya treni, tukafika kwenye benchi, nikanunua karanga, nikazimenya kwa sababu vidole vyake havizishiki vizuri siku hizi. Joto lilikuwa limeanza. Mgongo uliniuma tayari, na ilikuwa saa tatu tu.

Alikuwa amekaa pembeni kabisa, ameacha nafasi chini ya feni. Nilipotaka kuikalia alinizuia kwa mkono.

"Hapo ni pa mke wangu, dada. Leo amekawia."

"Yuko nyumbani," nikamwambia. "Amelala."

Aliifikiria habari hiyo muda mrefu, akitafuna. Nilijiandaa kwa lile swali lake la kuondoka saa ngapi.

"Mwache," akasema. "Usimwamshe."

Nikakaa upande mwingine wa benchi, juani, nikaendelea kumenya karanga.