Certainly ni Miguu Yote Miwili

Mama Adolphine Kanyinda alifundisha Kiingereza kwa miguu. Ndiyo, kwa miguu! Wengine mjini Kolwezi walifundisha kwa vitabu au kwa simu. Yeye alikuwa na sebule, ubao mweusi, mabenchi aliyoazima kanisani na sakafu ya saruji, na kati ya hivyo vyote sakafu ndiyo iliyofanya kazi ngumu zaidi.

Kiingereza chenyewe hakukipata darasani. Alizaliwa Chingola, ng'ambo ya mpaka, baba yake akifanya kazi mgodini huko Zambia, akakua akikisikia sokoni, zahanatini, kwenye foleni ya maji. Alipoolewa Kolwezi alikuta watu wa Kiswahili na Kifaransa, basi akakikunja Kiingereza chake na kukiweka ndani kama gauni la harusi. Miaka ikapita. Zikaja kampuni za wageni, na kwenye kila geti watu wakaanza kuulizwa: unasema Kiingereza? Wakati huo mumewe alikuwa ameshafariki, naye alikuwa akikaanga mikate mbele ya lupango lake, kiwanja cha nyumba yake, katika mtaa wa Kasulo. Gauni likatolewa. Asubuhi mikate, alasiri Kiingereza. Nyumba nyingine hakuwa nayo, wala sebule nyingine ya kufundishia.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la maneno madogo.

"Bale batu ya kampuni habasemi tu 'itaanguka'," aliwaambia wanafunzi wake. "Banatia kaneno kadogo katikati. Na kale kaneno njo kanakuambia kama ukimbie ao ubakie."

Kisha akaandika ubaoni. *It might possibly fall.* Hiyo ni labda, tena labda ya mbali: gonga sakafu kwa kidole cha mguu, polepole. *It will probably fall.* Hapo uwezekano ni mkubwa: mguu mmoja, dum! *It will certainly fall.* Hapo hakuna mjadala. Kitaanguka. Unaruka kwa miguu yote miwili.

"Hawa *might* na *will* ni dereva," alisema. "*Fall* ni muzigo. Kaneno kanakaa katikati yao sawa convoyeur, mulinzi wa muzigo."

"Mama, convoyeur yangu mi haikai katikati," alidakia Iddy, dereva wa lori, mwanamume mnene aliyejaza nusu ya benchi la nyuma. "Eko juu ya muzigo, analala!"

"Basi njo maana Kiingereza yako inafika mu saa mbaya," Mama alimjibu, na darasa zima likaangua kicheko.

Wa kwanza kusikia alikuwa Shekina, binti aliyeuza vocha za simu barabarani. Walikuwa wamefika kwenye *probably*. Dum! Na baada ya dum yao, ikaja dum nyingine. Ndogo. Ya chini.

"Mama," alisema Shekina, macho yamemtoka, "chini kunajibu."

"Ni kwa jirani, banatwanga majani ya sombe."

Kila mtu akacheka. Jirani alikuwa tata Ngoy, yaani Baba Ngoy, kiongozi wa kwaya, mtu wa tai na viatu vilivyong'arishwa. Kila asubuhi alipita kununua mikate, akimwita jirani kwa Kifaransa: "Voisine, iko moto?" Nyuma ya nyumba yake palikuwa na turubai la bluu, na chini ya turubai, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa akichimba choo. Choo hicho kilianza kuchimbwa kabla ya mvua, mvua zikanyesha zikaisha, nacho bado. Lakini mtaani pale mtu hamuulizi jirani kilicho chini ya turubai lake. Unaweza kumuuliza ugomvi wake na mkewe, unaweza kumuuliza hata ugonjwa wake. Turubai, hapana. Kila mtu anajua kwamba chini ya Kasulo kuna madini ya kobalti, na kila mtu anamwachia mwenzake mlango wake wa chini.

Ngoy mwenyewe alipokaribishwa darasani alikataa. "Mi Kiingereza ya nini, mama? Mungu anasikia Kiswahili."

Asubuhi moja Mama Adolphine alimwaga maji sebuleni apige deki. Siku zote maji yale yalikimbilia mlangoni. Siku hiyo yalisimama katikati ya chumba, kama yanafikiri. Halafu yakaingia chini. Yote! Sakafu ikabaki kavu, na katikati yake ukaonekana ufa mwembamba, ukinyonya matone ya mwisho kama mtoto anayemaliza chai.

Alikaa kwenye benchi, ndoo tupu mkononi. Kisha akajifunga kitenge vizuri akaenda ukutani kwa jirani.

"Tata Ngoy, choo yako imefika wapi?"

"Bado kidogo, voisine."

"Inaenda chini, ao inaenda pembeni?"

Ngoy akacheka, mkate ukiwa mdomoni. "Mama! Choo inaenda pembeni namna gani?"

Alitaka kumwamini. Jumatatu iliyokuwa inakuja wanafunzi wake walikuwa na usaili wa kazi kwenye kampuni moja karibu na mashimo ya mgodi wa Mashamba, na kama wangeuona ufa ule, nani angekanyaga tena kwake? Na kama asipofundisha, yeye ni nani? Basi akatandika mkeka juu ya ufa, akaweka kiti chake juu ya mkeka, akajiambia: *might possibly*. Labda ya mbali. Akagonga kwa kidole cha mguu, polepole sana, asikilize. Kimya. Akashusha pumzi.

Ijumaa darasa lilijaa hadi mlangoni. Walikuja wote kwa marudio ya mwisho, na kiti kikasogezwa ili watu wapate nafasi. Mama Adolphine aliona wanavyokisogeza, akataka kusema neno, lakini angesema nini? Mkeka ulibaki peke yake katikati.

*It might possibly fall.* Vidole vikagonga.

*It will probably fall.* Dum!

Na chini: dum, dum, dum, dum! Mbiombio, bila kufuata mdundo wa mtu.

"Sombe ya leo iko na hasira!" alisema Iddy, na watu wakacheka.

Mama Adolphine hakucheka. Alinyanyua mkono wenye chaki awasimamishe, lakini darasa lililozoeshwa vizuri halisimami hivihivi, na midomo yote ilikuwa imeshafika pale: *It will certainly...* Na miguu yote ilikuwa hewani.

Walitua.

Jamani! Sakafu ilitoa mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia, kama sahani kubwa ikipasuliwa juu ya goti. Mkeka ukabonyea katikati. Ukatulia. Halafu, wakati kila mtu ameganda na mdomo wazi, kitu kikaupiga kutoka chini, mara moja, mara ya pili, na mtalimbo wa chuma ukatoboa mkeka ukachomoza sebuleni kama muhogo unaoota kwa haraka.

Shekina alikuwa juu ya benchi kabla hajajua amepandaje. Iddy alisema, "Astaghfirullahi!" Mtalimbo ukazunguka, saruji ikabomoka, ukatoka mkono, kisha kichwa chenye tochi inayowaka kwenye paji la uso, kimejaa vumbi, hakina hata rangi ya mtu.

"Muzimu!" mtu akapiga kelele.

Kichwa kikajifuta uso kwa kiwiko. Alikuwa Ngoy! Ngoy wa kwaya! Ngoy wa tai!

"Musiruke tena," alisema, akihema. "Kwa jina ya Yesu, musiruke tena!"

Hakuna aliyesogea. Mama Adolphine alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, kavu, ya kimwalimu:

"Tata Ngoy. Hii nyumba. *Possibly* ao *certainly*?"

Na yule mtu ambaye hakuwahi kukalia benchi lake hata siku moja hakuuliza maana yake.

"*Certainly*, mama! Tunawasikiaka kila siku! *Possibly*, bumbi kidogo inashuka. *Probably*, mawe. Mukifika kwa *certainly*, udongo yote inatuangukia! Tunagonga juu mupunguze, na nyinyi munacheka!"

Kumbe kule kujibu kote kulikuwa kuomba. Mama Adolphine alitazama miguu yake mwenyewe kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Batu yote inje," alisema taratibu. "Mupite pembeni ya ukuta. Hakuna kukimbia. Mutembee na *possibly*!"

Wakaelewa. Mmoja baada ya mwingine, viatu mikononi, mgongo ukutani, watu wazima wale walitembea kwa ncha za vidole kama wanaoiba. Saruji ilikoroma chini yao. Iddy, mnene kuliko wote, alibaki wa mwisho.

"Na wewe panda," Mama alimwambia Ngoy.

"Omer eko ndani." Ngoy alianza kulia. Omer alikuwa shemeji yake. "Njia ya kwangu imejifunga mulipotua. Eko chini ya ubao yenu pale. Inje ni hapa tu."

Mama Adolphine na Iddy wakatazamana. Iddy akaenda kwa vidole hadi kwenye lori lake lililoegeshwa nje, akarudi na kamba ya kufungia mzigo. Walilaza benchi la kanisa juu ya shimo, ukuta hadi ukuta, Iddy akalala kifudifudi juu yake. Mama akapiga magoti mlangoni, akaita kwa nguvu zake zote:

"Omer! Unanisikia?"

Vumbi likashuka. Kisha, kutoka mbali, chini ya ubao, sauti ndogo iliyosongwa na udongo:

"*I can hardly hear you!*"

Ilikuwa sentensi ya Jumatano, na *hardly* imekaa pale pale inapotakiwa kukaa. Mama Adolphine aliziba mdomo kwa kitenge, hajui kama anacheka au analia.

"Fuata tochi!" Ngoy alipiga kelele, akitambaa kurudi ndani na ncha ya kamba.

Walitoka wote wawili, Omer mguu wake ukiburuzika, Ngoy akimsukuma kutoka nyuma, Iddy akivuta huku benchi likilia. Walikuwa hawajafika barabarani vizuri ubao mweusi ulipoinama, polepole, kama mtu anayesalimu, ukaingia chini pamoja na benchi, mkeka na sebule yote. Vumbi likatoka madirishani. Malata ya paa yakabaki yamening'inia juu ya hewa tupu.

Barabara nzima ilikuwa imeshafurika. Ngoy alipiga magoti mbele ya jirani yake.

"Voisine, unisamehe."

"Jumapili unatuimbisha, Jumatatu uko chini ya kitanda yangu," alisema Mama Adolphine. Hakuwa hata na hasira bado, ilikuwa haijamfikia. "Na mikate yangu unakula."

Mwanamke mmoja wa mtaa ule akajipenyeza mbele, mikono kichwani.

"Mama mwalimu, na kwetu? Kwetu chini kuko nini?"

"Na kwetu?" "Na kwetu, mama?"

Mama Adolphine aliinua macho. Hakuwahi kuitazama barabara ile hivyo. Nyuma ya kila nyumba, hadi mwisho, palikuwa na turubai. La bluu, la kijani, la machungwa. Yote ya vyoo.

"Mwende kwenu," alisema. "Muingie ndani. Muruke, *certainly*, miguu yote mbili. Mutajua."

Mtu mmoja akaanza kucheka, akaacha. Watu waliangaliana, wakaangalia milango yao iliyo wazi, na barabara nzima hakuna aliyethubutu.

Hatimaye yule mwanamke alivua kandambili zake, akaziacha barabarani, akaingia nyumbani kwake kwa ncha za vidole, mgongo ukutani, kwenda kuwachukua watoto.