Sweta la Alhamisi

Niliinua mkono kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Afadhali niliseme hilo mwanzoni, maana baadaye walinisifu sana na mimi nikanyamaza.

Padri alikuwa ametangaza kwamba kila Alhamisi, baada ya misa ya asubuhi, Ekaristi Takatifu itawekwa wazi altareni mpaka jioni, na akaomba watu wa kujitolea kushika saa mojamoja za kuabudu. Saa za mapema zilipata watu, za jioni zikapata watu. Saa tatu hadi saa nne haikupata mtu. Hiyo ni saa ya shamba na ya soko. Miezi mitatu nyuma nilikuwa nimemzika mume wangu, aliyefia hospitali ya misheni upande wa Kasulu, na tangu tulipomleta Kibondo kumzika nilikuwa mtu wa kutazamwa. Nikainua mkono. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Jamani, na msiba wake wote ule!" Sitaficha, nilifurahi kusikia.

Mwenyekiti wa akina mama alituandika kwenye daftari la zamu, akatupa sharti moja tu. "Mwenye saa haondoki mpaka mwenzake apige goti kando yake," alisema. "Hata mvua iezue paa. Bwana haachwi peke yake pale juu."

Aliyeandikwa kabla yangu, saa mbili hadi saa tatu, alikuwa mama mkimbizi kutoka Burundi. Aliishi kambini na mama yake mzee na watoto wawili. Mume hakuwa naye, na sikuwahi kumuuliza yuko wapi. Kila Alhamisi alipewa kibali kuja mjini kumchukulia mama yake dawa za kifua, akapanda gari lililoleta wagonjwa hospitali ya wilaya. Gari lilirudi kambini saa tatu na nusu. Likimwacha, ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Kwa hiyo saa yake ilipangwa vizuri: amalize, achukue dawa, apande gari.

Sisi Waha tunaelewana na Warundi bila taabu, lakini kanisani tulisemeshana Kiswahili, yeye cha kwao na mimi cha darasa la saba. Neno moja tu hakulitafsiri. Kila nilipopiga goti kando yake alinishika bega, akasema kwa sauti ya chini, "Ihangane, dada," kisha akatoka. Kwao na kwetu neno hilo anaambiwa mfiwa, na anaambiwa pia mtu anayesubirishwa. Ni kama kusema pole, na ni kama kusema vumilia. Mimi sikuwahi kumrudishia. Niliona mfiwa ni mimi.

Wiki za kwanza niliwahi. Halafu likaja jambo la mitumba.

Mfanyabiashara mmoja sokoni alipokea mzigo wake Jumatano jioni na kufungua robota Alhamisi, saa tatu kamili asubuhi. Ukiwepo kamba ikikatwa, unapata vilivyo vizuri. Ukija saa nne unakuta suruali zilizochanika. Mimi nilihitaji sweta. Baridi ya kwetu ya mwezi wa sita inajulikana, na sweta langu la zamani nilikuwa nimemfunika nalo mgonjwa wangu, likazikwa naye. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini ukweli ni kwamba nililipenda lile soko. Pale hakuna aliyeniambia pole. Wanawake walisukumana, wakatukanana kwa utani, na kijana aliyemuuzia yule mfanyabiashara akapiga kelele, "Shika shati, mama, mkono wangu achia, huo hauuzwi!" Nikacheka. Kisha nikafika kanisani nimechelewa robo saa, dakika ishirini, nikapiga goti na kuweka uso wa kulia.

"Ihangane, dada," alisema, akatoka mbio kulifuata gari. Alilipata, kwa bahati.

Alhamisi moja hakutoka mara moja. Alinivuta mpaka mlangoni, jicho lake bado liko altareni.

"Dada, wiki ijayo usichelewe. Nakuomba."

"Kuna nini?"

"Tunahesabiwa kambini, saa tano. Familia ambayo mkubwa wake hayupo inafungiwa kadi ya posho. Mkubwa ni mimi."

"Basi usije kabisa," nikamwambia. "Dawa zitangoja."

"Mama anakohoa damu. Hazingoji. Na saa yangu nimeiahidi." Akatabasamu kidogo. "Gari la saa tatu na nusu linanitosha. Wewe tu uje saa tatu."

"Nitakuja. Saa tatu nitakuwa hapa."

Nilisema hivyo nikitazamana naye, na Ekaristi iko wazi nyuma yake.

Wiki iliyofuata nilitoka nyumbani mapema, na nia yangu ilikuwa nzuri. Njia inapita sokoni. Ilikuwa bado saa tatu kasoro robo, na robota lilikuwa limewekwa juu ya turubai, kubwa kuliko yote niliyowahi kuona. Kijana aliniona. "Mama, leo ni masweta matupu! Ukiondoka utakuja kunililia!" Nikasema nitasimama kidogo. Kamba ilichelewa kukatwa kwa sababu mwenye mali alikuwa hajafika. Nilijua saa. Kulikuwa na redio dukani pembeni, nikasikia ikitaja saa tatu. Nikajisemea, labda mtu mwingine ataingia kusali, atampokea. Nilijua pia kwamba padri na katekista wameenda kigangoni tangu asubuhi na kwamba saa ile haingii mtu. Nilijua yote hayo nikiwa nimesimama pale.

Nililipata sweta. La bluu nzito, vifungo vyote vipo.

Nilipofika kanisani saa nne ilikuwa imepita, na wa kunipokea naye alikuwa hajafika. Yule mama alikuwa peke yake, amepiga goti, mgongo umenyooka. Kifurushi cha dawa hakikuwa naye, maana hakuwa ameweza kutoka kwenda kukichukua. Nilipiga goti. Aligeuka akanitazama usoni, kisha akatazama mfuko wangu wa plastiki. Mkono wa sweta ulikuwa umetokeza nje.

Nikasema, "Nisamehe. Ni msiba. Asubuhi nilizidiwa na machozi, nikashindwa kuamka."

Mpaka leo sijui lile neno lilitoka wapi kwa wepesi namna ile. Mume wangu alikuwa mtu mkweli, na nilimtumia kama mtoto anavyotumia homa kukwepa shule.

Mwenzangu akanishika bega, kama siku zote.

"Ihangane, dada."

Akatoka. Kupitia dirishani nilimwona anavua ndala, anazishika mkononi, anakimbia kuelekea hospitali. Mimi nikabaki mbele ya ile monstransi inayong'aa, chombo kilichobeba Ekaristi, nikashindwa kuitazama. Nilitazama sakafu mpaka wa saa nne alipofika.

Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Mwenyekiti alishika saa yake, akaniambia nilipoingia, "Unaona? Wakimbizi hawa hawana msimamo. Wanajiandikisha, halafu wanatoweka." Akachukua kalamu, akampiga mstari daftarini. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kusikia kalamu ikikwaruza karatasi. Sikusema kitu. Nadhani hata niliitikia kwa kichwa.

Habari nilizipata kwa mama mwingine wa kambini aliyekuwa akiuza mafuta ya kupikia sokoni. Siku ile mwenzangu alifika kambini saa nane mchana, hesabu imekwisha. Watoto walikuwepo, bibi yao alikuwepo, ila mkubwa wa familia hakuwepo, kadi ikafungwa mpaka hesabu nyingine. Sasa anatoka kambini alfajiri, anawalimia watu mashamba, analipwa mihogo.

"Ulimjua?" akaniuliza.

"Tulisali naye," nikasema.

Nilikaa na hilo wiki mbili. Kisha nikaenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake, nikamkuta anachambua maharage, nikamwambia yote: ahadi, robota, sweta, uongo. Nilitegemea anifukuze. Aliacha maharage, akanikumbatia.

"Pole, mwanangu. Msiba unavuruga akili. Usijitese."

"Mama, haikuwa msiba. Ilikuwa sweta."

"Ndiyo huo msiba wenyewe. Kaa, unywe chai."

Nilikunywa ile chai. Ilikuwa tamu, nikaimaliza. Niliomba jina la yule mama lirudishwe daftarini, na mwenyekiti akaliandika upya, lakini mwenye jina hakuwepo.

Nilimkuta mwezi wa saba, shambani kwa mtu, pembeni ya njia ya kwenda Kasulu. Alikuwa analima matuta, na mtoto wake mkubwa anaokota majani. Ningependa kuandika kwamba lile sweta sikulivaa. Nililivaa. Kulikuwa na baridi na sikuwa na jingine, na asubuhi ile lilikuwa mwilini mwangu, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Kichwani nilikuwa na debe la mahindi, nalipeleka kambini kumtafuta. Nikalitua kwenye nyasi.

Nikamwambia, "Ihangane."

Alisimama, akaegemea jembe.

"Mama hajambo?" nikauliza.

"Anakohoa." Akanitazama kuanzia chini mpaka juu. "Sweta zuri, dada. Ni la siku ile?"

Nilihisi uongo ukija, tayari umeandaliwa. Mdogo wangu kanipa. La marehemu. Chochote.

"Ni la siku ile," nikasema. "Sikulia asubuhi ile. Nilikuwa sokoni."

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unanuka mitumba."

Mtoto akacheka, na mama yake akamnyamazisha kwa Kirundi. Alichukua mahindi, akanishukuru kwa adabu, kama mtu anayemshukuru mgeni. Hakunishika bega. Kisha akauliza, "Saa yangu nani anaishika?"

"Mwenyekiti."

"Amezeeka yule, magoti yanamuuma. Ishike wewe."

"Na yangu?"

"Na yako."

Akainama, akaendelea na tuta lake.

Kadi yake ilifunguliwa kwenye hesabu iliyofuata, nilisikia, lakini mjini kusali hakuja tena. Kwa miaka yote iliyobaki niliyoishi Kibondo nilishika saa zile mbili. Nilipita sokoni saa mbili kasoro, robota likiwa bado limefungwa kamba. Saa nne wa kunipokea alipochelewa, na mara nyingi alichelewa, nilibaki pale pale nimepiga goti, na alipofika sikumuuliza alikotoka.