Walioona Nusu ya Sinema

Mbegu za pamba zikilala juani hutoa harufu ya mafuta mazito, tamu kidogo na chachu kidogo, inayoganda kooni hata ukinywa maji. Uwanja wa kinu cha pamba pale Kishapu ulinuka hivyo mwaka ule uliofuata mwaka wa nzige, na hadi leo nikipita penye marundo ya mbegu hasira hunipanda kabla sijakumbuka ni kwa nini. Wenzangu wakikumbuka utoto wao hutabasamu. Mimi natembea. Naacha chungu jikoni, natoka nje, narudi, natoka tena, mpaka mume wangu aniulize nimepoteza nini. Nilichopoteza hakitafutwi uani, basi nimeona bora nikiandike.

Ilikuwa kiangazi. Pamba imeuzwa, mtama umo ghalani, na katika nchi yetu ya Usukuma majira hayo yana shughuli moja kubwa, nayo ni ngoma. Sisemi ngoma ya kucheza kidogo na kwenda kulala. Nasema mashindano. Kuna pande mbili, Wagika na Wagalu, na kila mtu ana upande wake. Siku ya kushindana, pande zote mbili hupiga kwa wakati mmoja, mmoja huku na mwingine kule katika uwanja uleule, na hakuna mzee anayetangaza nani ameshinda. Ameshinda aliyezungukwa na watu wengi. Kwa hiyo mtazamaji wa kwetu hakai, anahama. Upande mmoja ukinyamaza kidogo ili mafundi wakanze ngozi za ngoma motoni, umati wote unavuka kwenda wa pili, na kiongozi wa ngoma, ambaye sisi tunamwita ningi, hubaki nyuma akipaza sauti kwamba utamu bado, rudini, utamu bado. Harudi mtu. Kila ningi husema utamu bado.

Shangazi yangu Milembe, dada yake baba, alikuwa ndiye jicho la mtaa wetu katika mambo hayo. Mwanamke mrefu, mwenye kicheko cha kushtua ng'ombe, na miguu iliyojua njia zote za kwenda kwenye ngoma hata zikiwa mbali. Watu walimwuliza kabla hawajafunga safari: twende kwa nani? Akisema "pale hamna kitu", basi hapakuwa na kitu, hata kama yule ningi angetoa joka mdomoni. Nami nilimpenda. Aliposimulia ngoma aliyoiona, aliicheza yote mbele yetu peke yake, wapigaji na wachezaji na ningi mwenye jasho, na mara nyingi masimulizi yake yalikuwa mazuri kuliko ngoma yenyewe.

Kiangazi hicho ndugu yangu Masanja alikuwa anaumwa macho. Alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi, mnene, mpenda maswali, na kila asubuhi kope zake zilikuwa zimegandana kwa usaha hata mama azioshe kwa maji ya vuguvugu ndipo afumbue. Mwanzoni hatukushtuka. Nchi yetu ina vumbi, ina nzi, ina ng'ombe, na mtoto mwenye macho mekundu alikuwa jambo la kawaida kama mbuzi mwenye ndevu. Lakini yake hayakupona. Alianza kulikimbia jua, akawa anashinda ndani amejifunika nguo ya mama. Mama, aliyekuwa mjamzito na mzito wa kutembea, alitaka apelekwe hospitali Shinyanga mjini. Baba hakukataa. Alisema tusubiri tusikie kwanza walioijua hospitali hiyo wanasemaje. Ngoja ngoja huumiza matumbo, watu husema. Kwetu iliumiza macho.

Ndipo likaja lori la sinema. Lilisimama katika uwanja wa kinu cha pamba, na watu wake wakatundika shuka kubwa jeupe kwenye ukuta wa ghala. Alikuwapo Mzungu mmoja daktari, dereva, na mkalimani aliyeitwa Bwana Rajabu, Mwislamu wa Shinyanga mjini, mwenye kanzu safi na kipaza sauti cha bati mfano wa faneli. Siku hiyohiyo, ng'ambo ya uwanja, Wagalu walikuwa wanapiga ngoma. Mtu wa mbali angesema bahati mbaya. Watu wetu walielewa moja kwa moja: hawa wageni wamekuja kushindana. Baba alibaki na ng'ombe, mama alibaki na tumbo lake, shangazi akatukusanya watoto. Mama aliniita kando. "Kabula, huyu Masanja usimpeleke kwenye vumbi la ngoma. Kaa naye huko kwenye shuka mpaka shangazi yako achoke kuzurura."

Giza lilipoingia dereva akaanza kuzungusha mkono wa mashine, na mwanga ukapiga shuka. Picha zenyewe zilikuwa bubu, maneno yote yalitoka kwenye bati la Bwana Rajabu, kwa Kiswahili ambacho nusu ya kina mama pale hawakukifahamu vizuri. Lakini picha hazikuhitaji tafsiri. Tulimwona mtoto wa Kiafrika kama sisi, macho yamevimba, anapapasa ukuta. Tukamwona mama yake akimbeba njia ndefu. Tukaiona hospitali, vitanda, watu wa mavazi meupe. Mtoto akalazwa, wanaume wawili wakamshika mikono, daktari akainama juu ya uso wake, na alipoinuka mtoto alikuwa amefungwa kitambaa cheupe macho yote mawili. Mama wa kwenye picha akajifunika uso. Halafu mwanga ukazimika, mashine ikanyamaza.

Leo najua kilichotokea: utepe wa kwanza wa picha umekwisha, dereva anapachika wa pili. Kazi ndogo tu. Lakini mashine imenyamaza, na kule ng'ambo ngoma ya Wagalu, iliyokuwa imepumzika, ikaanza kunguruma. Shangazi akasimama akikung'uta nguo yake.

"Hawa wameishiwa," alisema. "Twendeni kwa wenye mikono."

Bwana Rajabu akainua bati lake. "Ndugu zangu, kaeni, bado! Sehemu nzuri inakuja!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee mmoja akamjibu kwa upole kabisa, "Wabeja, ningi, asante, tumekusikia," na umati wote ukavuka uwanja. Ningi wa shuka alikuwa ameshindwa.

Mimi nilibaki, Masanja amelala mapajani mwangu. Walibaki pia vikongwe wachache wasioweza kutembea haraka, nao walikuwa wanasinzia. Mashine ikaanza tena, na mbele yangu kile kitambaa kikafunguliwa. Taratibu, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Mtoto akapepesa kope, akafumbua macho, akaangaza chumba chote, akaanza kumcheka daktari. Halafu akakimbia nje, akaruka mfereji, akafukuza kuku. Bwana Rajabu alikuwa amelishusha bati, akawa ananieleza mimi peke yangu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemsimulia mwanawe. Akatazama na uso wa Masanja. "Huyu naye mleteni," alisema. "Kesho kutwa lori linarudi Shinyanga, lina nafasi ya mtoto na mama yake."

Kesho yake, kisimani, maoni yalikuwa yamekwisha kuiva. Usiende, walisema, sinema ile haina wachezaji, haina wimbo, na mwishowe wanamng'oa mtoto macho. Shangazi aliicheza yote kwenye ukingo wa kisima: daktari akiinama, vidole kama koleo, mama akijifunika uso. Alikuwa fundi, Mungu wangu, alikuwa fundi. Wanawake walishika vifua. Wale ambao hawakuwapo waliondoka wakiijua kuliko mimi, na kabla ya jioni walikuwa wanawasimulia wengine, wakiongeza damu. Niliposema kwamba baadaye mtoto alifunguliwa akaona, shangazi alinipapasa kichwa. "Ulisinzia, mwanangu. Sinema ilikwisha, wote tuliona imekwisha." Wengi wape, ndivyo tulivyofundishwa. Nani awape watu wengi kitu ambacho hawakukaa kukiona?

Jioni nikamwambia baba. Alinisikiliza, sitamnyima haki hiyo, kisha akaniuliza nani mwingine aliona. Nikasema Bwana Rajabu. Nikatoka mbio hadi kwenye lori, nikamwamkia shikamoo hata marahaba sikuisubiri, nikamwomba aje. Akaja. Mtu wa watu, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda tulichompa, akaeleza dawa, kitambaa, siku za kulala hospitali, na kwamba Masanja bado ana nafasi kama hatuchelewi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, amekwisha kufunga nguo zake katika kanga. Baba akamkaribisha mgeni maziwa. Akamshukuru kwa heshima zote. Bwana Rajabu alipokwisha kwenda, mama akauliza, "Baba Kabula, tunakwenda?"

"Mama Kabula," baba alisema, "umewahi kumsikia ningi akisema ngoma yake mbaya?"

Hapo ndipo palipofungwa. Alikuwa si mtu katili, wala si mjinga. Alipima neno la mwenye ngoma dhidi ya neno la waliorudi kutoka kwenye ngoma, kama babu zake walivyopima, na kwa ngoma kipimo hicho ni kizuri. Mama alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Shangazi aliyekuwapo akamwambia, "Wifi, afadhali jicho bovu kuliko tundu." Lori likaondoka na nafasi yake. Mvua za kwanza ziliponyesha, mboni za Masanja zilikuwa zimeingia ukungu kama maziwa yaliyomwagika kwenye maji. Ndipo baba mwenyewe akambeba mabegani hadi Shinyanga. Daktari wa huko akamtazama muda mfupi tu, akamwuliza mlikuwa wapi.

Shangazi aliacha kusimulia ngoma. Aliendelea kwenda, akarudi, watu wakamwuliza, akasema nendeni mkaone wenyewe. Baba hakuzungumzia jambo hilo tena, ila walimu wa misheni ya Ushirombo walipopita wakitafuta wasichana wa kusoma, alinitoa bila kubishana, na kwa watu wa rika lake hilo lilikuwa neno refu sana. Nilisoma hadi sekondari. Sijawasamehe nusu ya watu wa kisima kile, na sitafuti padri wa kunilazimisha.

Sasa naishi Geita, mume wangu ni karani kwenye ghala la mgodi, na watu wa mgodi huonyeshwa sinema jioni za Jumamosi. Umati siku hizi hukaa. Mashine ikinyamaza wanakohoa, wanapeana sigara, wanangoja. Wenye viti wanaketi mbele kama maharusi. Hilo limebadilika. Ila Jumapili asubuhi, bombani, nasikia yaleyale: usiende, ile haina maana, nimesikia mwishowe anakufa. Umesikia kwa nani? Kwa fulani. Fulani alikaa hadi mwisho? Aaa, aliondoka mapema, mtoto alilia. Basi nyamaza, namwambia, na wameshanizoea, wananiita Mama Mkali. Mimi wakiniuliza nasema nilichokiona. Ile ya farasi, wanakimbia tangu mwanzo hadi mwisho na hakuna anayejua wanakwenda wapi, kaeni nyumbani mkafue. Ile ya mto uliofurika, nendeni, na mkae mpaka maji yashuke. Masanja, ambaye ni kijana sasa na anaishi kwetu akisuka vitanda vya kamba, hunisubiri nirudi nimsimulie, na maoni yake huwa makali kuliko yangu. Ile ya farasi alinikatiza nikiwa katikati. "Dada, mwenye hadithi hii hana haja na watu, ana haja na kwato."

Masika yaliyopita binti yangu, ambaye alikuwa hajaanza hata kutambaa, aliamka kope zimegandana. Mama mkwe alikuwa ametutembelea, akaanza: nimesikia hospitali ya hapa... Majirani wakaingia na wao wamesikia. Nilimfunga mtoto mgongoni, Masanja akainuka akashika ncha ya kanga yangu, tukaenda sote watatu, mimi nikitembea haraka mno hata akajikwaa mara kwa mara bila kulalamika. Hospitali tulilala. Niligombana na mwuguzi, nikagombana na mpishi, sikuketi. Masanja alikaa kando ya kitanda, akisikiliza pumzi za mtoto.

Uvimbe uliposhuka ilikuwa asubuhi, mwuguzi ameinua pazia. Kope zikaachana zenyewe. Nilisimama hapo nikatazama vile vijicho viwili vyeusi vikitafuta kitu cha kushika.

"Amefumbua?" Masanja aliuliza.

"Amefumbua."

"Anatazama nini?"

"Anakutazama wewe."

Akakaa wima. Akapapasa shingoni, akaipata kola ya shati, akainyoosha upande mmoja, kisha wa pili.