Majivu ya Mlangoni

Sikulazimishi uniamini. Nimechoka kulazimisha watu. Lakini haya yalinipata mimi, saa nane mchana, jua likiwaka, katika nyumba yetu ya mtaa wa Dilala, na sikuwa nimekunywa kitu ila chai ya asubuhi. Wanaosema mambo haya hutokea gizani tu, waje waniulize.

Nyumba yenyewe ni zile za zamani za kampuni ya mgodi. Baba alipewa alipokuwa kazini, kabla kifua hakijammaliza. Sakafu yake ni ya simenti, imepasuka kila mahali. Mwaka jana jirani wa nyuma alianza kuchimba kobalti ndani ya uwanja wake mwenyewe, wengi wanafanya hivyo huku, na tangu siku aliyoshuka chini na sururu, wadudu wote wa ardhi yake wakahamia kwetu. Kwanza sisimizi kwenye sukari. Halafu siafu. Unawajua siafu? Kama huwajui, shukuru.

Peke yangu ningewavumilia. Shida ilikuwa Mama. Alikuwa na miezi mitatu kitandani, upande mmoja wa mwili umekufa, hawezi kufukuza hata inzi. Daktari alishatuambia tumrudishe nyumbani. Asubuhi moja nilikuta siafu wamempanda mguu hadi gotini, naye ananiangalia tu, machozi yanamtoka. Niliwatoa mmoja mmoja kwa vidole. Siku hiyo nililia mpaka nikaona aibu.

Ndipo nikaanza vita. Miguu ya kitanda niliitia ndani ya mikebe ya tomate, ile nyanya ya kopo, yenye mafuta machafu ya gari. Nyufa nikazimwagia mazutu, yaani dizeli, nyumba ikanuka kama gereji. Na kila jioni nilichota majivu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, nikayachekecha na kuyamwaga kuzunguka nyumba yote, mstari wa upana wa kiganja. Hiyo ndiyo dawa yetu sisi watu wa asili ya Kasai, na Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha nikiwa mtoto. Ila alinifundisha pia kwamba mlangoni hupitishi majivu. Unaacha nafasi ya nyayo mbili. Kwa nini? Hakusema, nami sikuuliza. Nilidhani ni mambo ya usafi, wageni wasiingie na vumbi.

Siafu nao, wajanja wale, wakapita kwenye nafasi hiyo hiyo. Jumanne nikawakuta kwenye mto wa Mama, karibu na sikio. Jumatano nikasema basi, nikaufunga mstari hadi mlangoni, pasipo pengo lolote. Tangu hapo siafu hawakuingia tena. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nililala saa tatu mfululizo, na nilijiona nina akili sana.

Alhamisi asubuhi Mama akafungua kinywa. Alikuwa hajasema neno la kueleweka tangu augue.

"Kuko muntu ku mulango," akasema.

Nikaenda kuangalia. Hakuna mtu. Nikarudi, akasema tena. Nikaenda tena. Mara ya tano nilimjibu vibaya, na hilo nalo Mungu analijua.

Siku hiyo pumzi yake ikabadilika. Mchungaji akaja kuomba. Muuguzi mmoja wa mtaa wetu akamsikiliza, akaniambia kando kwamba pumzi ya namna ile haifiki jioni. Ikafika jioni. Ikafika asubuhi. Kifua kinapanda, kinakwama, kinashuka, macho yamekodoka kuelekea mlangoni. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa njiani anatoka Musumba, kule Kapanga, lori lao limezama katika matope. Alipata mtandao mahali, akapiga simu: "Yaya, dada yangu, umushike Mama. Nitafika kesho. Umushike tu." Nikamwahidi.

Ijumaa mchana mtaa ulikuwa kimya. Wanaume wa nyumba ya mbele, watu wa Maniema wenye malori, walikuwa wamekwenda msikitini. Nilitoka na kopo langu la majivu kuziba mahali kuku walipochakura. Nikasikia mtu anabisha hodi kwa namna ya kwetu.

"Odi."

"Karibu, tata," nikajibu, kama tunavyomwita baba yeyote, bila kuinua kichwa.

Hakukaribia. Nikaona kwanza viatu vyake. Alikuwa amesimama katikati ya msafara wa siafu, wale waliozuiwa na majivu yangu wakawa wanapita kando ya ukuta. Walikuwa wanampanda, weusi, wengi, kwenye viatu, kwenye suruali ya kazi, hadi kiunoni. Naye katulia. Niambie wewe, nani anasimama juu ya siafu asiruke?

Kiatu cha kushoto kilifungwa kwa waya mwekundu wa umeme.

Kamba ya kiatu cha Baba ilikatika nikiwa msichana, akafunga waya kama ule, na Mama alimcheka kwa waya ule miaka yote. Tulimzika na viatu hivyo kwa sababu alitaka mwenyewe. Sikuthubutu kupandisha macho kupita vifungo vya koti.

"Mi nakuya kutwala mama," akasema, kwamba amekuja kumchukua. Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu aliyekaa sana bila kusema. "Niko hapa tangu siku ya tatu, Jumatano."

"Mulango uko wazi, tata."

"Hapana. Angalia chini."

Nikaangalia. Majivu yangu, meupe, yamenyooka, kutoka ukuta hadi ukuta. Ndipo nilipoelewa nafasi ya nyayo mbili ni ya nani.

"Ndugu yangu iko mu njia," nikamwambia. "Anafika kesho. Ngoja kesho, tata. Nakuomba."

Siafu walikuwa wamefika kwenye kola.

"Mi naweza kungoja," akasema. "Mi sina haraka. Yeye ndiye iko anaumia." Halafu akasema, polepole: "Mutoto wangu, unachoka."

Miezi mitatu nilifua mashuka yale, na hakuna aliyeniambia neno hilo. Kanisani waliniambia kuraje, yaani jikaze. Majirani, kuraje, mama, kuraje. Hata ndugu yangu kwenye simu hakuniuliza mimi nalala saa ngapi. Nilisikia neno lile, nikachukua ufagio uliokuwa ukutani na kufagia nafasi ya nyayo mbili.

Alinipita karibu. Alinukia udongo wa chini, ule wenye maji. Na siafu, msafara mzima, wakageuka hapohapo, wakarudi kwa jirani walikotoka.

Nilipoingia chumbani, ufagio bado mkononi, kifua cha Mama kilikuwa kimetulia. Macho yalikuwa yamefungwa, nami sikuwa nimeyafunga mimi.

Nililia kwa sauti, na Mama Zaina wa nyumba ya mbele akavuka barabara mbio. Alinisaidia kumnyoosha. Baadaye akaniuliza: "Ule tata mwenye kusimama pa mulango wenu siku tatu, ni wa famiya? Nilimusalimia, hakuitika." Nikamwambia ndiyo, ni wa familia.

Ndugu yangu alifika Jumamosi adhuhuri, matope hadi mapajani. Alikaa chini sakafuni. "Yaya, haukuweza kumushika hata siku moja?"

"Hapana," nikasema.

Ameshaniuliza mara mbili tena tangu hapo, nami jibu ni lile lile.

Siafu hawajarudi. Wala sisimizi. Naacha sukari wazi mezani usiku kucha na asubuhi naikuta ilivyo. Majirani wanakuja kuniuliza natumia dawa gani, maana kwao hali ni mbaya, jirani bado anachimba. Nawaambia majivu.

Na wewe nakuambia hivyohivyo. Tumia majivu, yanasaidia. Lakini mlangoni acha nafasi tangu siku ya kwanza, hata siafu wakipita hapo, hata ukikesha kuwatoa kwa vidole. Iache, ili anayekuja aingie mwenyewe kwa saa yake, asilazimike kukuomba wewe. Akikuomba, utakuwa umechoka, na utafagia. Mimi sikurudi hata ndani kwanza kumuaga Mama.