Wiki Ambayo Ikombe Haikuchoma Vyungu

Ndugu zangu, nikikatiza maneno nikohoe msishtuke. Hata kikohozi hiki namshukuru Mungu kwacho, maana wapo waliodhani kufikia leo ningekuwa kimya.

Naitwa Tusajigwe. Nimezaliwa Ikombe, kijiji cha kando ya ziwa, ambako ukifika Matema unapanda mtumbwi. Mama yangu ni mfinyanzi, kama bibi yangu. Nilipokuwa mdogo nilikanda naye udongo, na siku ya kuchoma vyungu nilikuwa wa kwanza kukusanya nyasi za moto. Moshi ule ukichanganyika na upepo wa ziwa, kwangu ndiyo harufu ya mama. Naitamani mpaka leo.

Nilikohoa tangu utotoni. Nilikula sana bila kunenepa, hata mama akanitania kwamba wali wangu unaliwa na mtu mwingine. Nilipokuwa msichana makohozi yakawa mazito, ya kijani, yananata kama ulimbo. Asubuhi nilikohoa mpaka natapika. Nikatibiwa kifua kikuu mara mbili, ingawa vipimo havikuonyesha vijidudu vyake. Watu wakaanza kunitengea kikombe. Mama akaambiwa kinga yangu imeshuka, basi akanitafutia kila dawa ya kuongeza kinga: mizizi, majani machungu, unga wa kwenye chupa. Nikanywa yote. Siku niliyokohoa damu ikajaa kiganjani, mama alinipandisha mtumbwi.

Kyela mjini tulifikia kwa Bi Zuhura, anayeuza vyungu vya mama dukani kwake. Wazee wake walitoka Pwani. Kulikuwa na joto kali. Jasho lilipokauka usoni mwangu, akanisogelea akaligusa paji la uso.

"Mwanangu, hii nyeupe ni nini?"

"Chumvi, bibi. Ndivyo nilivyo."

"Kwetu Pwani mtu akitoka baharini ndipo hukaukiwa na chumvi namna hii. Ziwa lenu maji yake matamu. Wewe umeitoa wapi?"

Mama akacheka, akasema hata nilipokuwa mchanga, akinibusu alionja chumvi. Bi Zuhura hakucheka. Akasema, "Hayo hayo mkamwambie daktari."

Tukamwambia, naye akatupeleka hospitali ya rufaa. Huko walipima jasho langu, makohozi na damu. Daktari wa huko, mama wa Kinyakyusa, akatuambia ugonjwa wangu unaitwa sistiki faibrosisi, wa kurithi kwa baba na mama, ndio unaozidisha chumvi kwenye jasho na kuyafanya makohozi yawe mazito. Kisha akasema chembechembe nyeupe za damu zimejaa tele mapafuni mwangu, na ndizo kinga ya mwili. Mimi nikafurahi.

"Kumbe kinga ninayo!"

"Unayo, na ndiyo inayokumaliza," akasema. "Binti, umewahi kuona msiba ambao watu hawaondoki? Wamekuja kwa upendo, lakini wanakaa na kukaa, mwisho wanamaliza mpunga wa mfiwa. Chembechembe hizi zinakimbilia mapafuni kuua vijidudu. Makohozi yako ni mazito, vijidudu vimejificha ndani yake. Zinashindwa kuvimaliza, zinafia humo humo, na mabaki yake yanafanya makohozi yawe mazito zaidi. Ile sumu ya kuulia vijidudu inamwagika, inakula mapafu yenyewe. Halafu zinaita wenzake."

Mama akainama. "Na mimi na dawa zangu nilikuwa naita waombolezaji wengine," akasema.

Nikatundikiwa dripu za antibayotiki. Nikavutishwa kwa mashine mvuke wa maji ya chumvi ili makohozi yalegee. Chumvi tena, jamani! Mama akafundishwa kunipigapiga mgongoni kwa kiganja alichokikunja kama kikombe, nikatema vitu ambavyo nikivieleza hapa hamtakula chakula cha mchana. Nikapewa na vidonge vya kusaga chakula. Nikaanza kunenepa. Siku niliyopanda ngazi bila kupumzika, nililia.

Lakini daktari alisema huu ugonjwa hauishi, tunayalinda mapafu yaliyobaki. Moshi, marufuku. Udongo mbichi pia, kwa sababu ya vijidudu vyake.

"Sasa nikirudi Ikombe nitafanya nini?" nikamuuliza.

Kwa hiyo nikabaki mjini kwa Bi Zuhura, nauza vyungu nisivyofinyanga. Mfinyanzi hulia gaeni. Mimi nanywea maji kikombe cha plastiki. Mama akileta mzigo, anaoga kwanza uani na kubadili kitenge, ndipo ananikumbatia. Ananukia sabuni. Namshukuru, na moyoni namlilia mama yule wa moshi.

Mwaka huu daktari akaniruhusu kwenda nyumbani kwa wiki moja, nisikaribie moto tu. Ndani ya mtumbwi nilikuwa na mpango wangu: nitaziba pua kwa kitambaa kama nilivyoagizwa, ila nitaiba pumzi moja ya moshi. Tulipofika ufukweni, hapakuwa na moshi popote. Vyungu vilipangwa kila uwanja, vikavu, vimepakwa rangi, havijachomwa, vimefunikwa majani ya mgomba. Nikaogopa, maana kwetu kazi husimama namna hii penye msiba.

"Mama, nani amekufa?" nikamuuliza alipokuja kunipokea.

"Hakuna. Akina mama wamekubaliana, hakuna kuchoma mpaka uondoke."

Nilikaa mchangani nikalia kama mtoto, na akina mama wakanicheka.

Ndugu zangu, mtoto wako akiwa na jasho la chumvi na kikohozi kisichokoma, usikimbilie dawa ya kinga, mpeleke apimwe. Na ukimpenda mgonjwa, muulize kwanza kama anataka usogee karibu au ukae mbali kidogo. Bi Zuhura, daktari, mama yangu, na ninyi akina mama wa Ikombe, ndaga fijo, asanteni sana. Mungu awalipe, mimi sina cha kuwalipa.

Siku ya kuondoka, mama alinisindikiza hadi majini. Tulipokuwa mbali ziwani niligeuka, nikauona moshi wa kwanza ukipanda juu ya Ikombe. Nikaupungia mkono.