Siku Tuliyomwamkia Mfalme wa Gemu

Harufu ya vumbi linaloungua mgongoni mwa televisheni ya zamani bado hunipandisha mapigo ya moyo. Ndiyo iliyokuwa harufu ya kibanda cha gemu pale kwetu Mlali, kibanda kidogo kiasi kwamba ukipiga chafya unamlowesha jirani yako na jirani wa jirani yako. Humo tulimpandisha mlima shujaa mwenye upanga, avuke daraja la moto, akamng'oe mfalme katili kwenye kiti alichokipora. Hatukuwahi kumfikia mfalme huyo. Masika ya mwaka ule ilinyesha mvua ya kutosha bahari mbili, transfoma ikalipuka, na kijiji kikakaa gizani hadi tukasahau swichi ziko ukuta gani.

Aliyetuokoa ni Zuhura, binamu yangu. Wavulana hatukuwa tukimpa pedi ya kuchezea, basi alikuwa akikaa mlangoni anatazama, kumbe gemu nzima anayo kichwani. Alitukalisha barazani kwa bibi yake, akajigeuza mashine: yeye ndiye mlima, maadui na mfalme. Sisi tulisema shujaa wetu anafanya nini, kisha tunarusha kwenye ungo punje za mahindi zilizopakwa mkaa upande mmoja. Nyeusi zikizidi, umefaulu. Nyeupe zikizidi, umeumia. Mlima ulikuwa Uluguru, na daraja la moto likawa ile njia ya utelezi iendayo kwenye mashamba ya kabichi, ambayo kwa kweli ilitisha kuliko moto. Kibandani ukifa unaanza upya. Kwa Zuhura ukifa umekufa, unakaa pembeni kumchambulia bibi maharage. Mimi nilifia kwenye utelezi mapema sana. Nadhani nilichambua maharage ya wilaya nzima.

Akabaki rafiki yangu Denis, na yeye hakuwa na masihara. Mama yake alikuwa amekata shauri kumpeleka Gairo akakae kwa mjomba wake, ambaye Denis hakuwahi kumwona. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto, na huyo alisifika kwa ukali. Ilisemekana akikohoa, karanga shambani zinajipanga mstari. Safari ilikuwa kesho yake asubuhi. Denis alitaka kwanza ammalize mfalme, aondoke akiwa ameshinda walau kitu kimoja.

Alasiri ile akaingia ngomeni. Mvua ilipiga bati hadi tukasogeleana ili tusikie. Kibandani mfalme alikuwa ndugu wa baba yake shujaa, lakini Zuhura alikuwa amembadilisha bila hata kufikiri, maana kwetu kiti hakipiti kwa baba. Alisimama, akajitanda kanga, akaishusha sauti.

"Umefika. Unanijua mimi ni nani?"

"Mfalme," alisema Denis.

"Mimi ni kaka wa mama yako. Toa upanga wako."

Denis alizishika punje, akawa anazigeuzageuza kiganjani.

"Rusha basi, unangoja nini?" nikasema.

"Marehemu haongei," Zuhura alinikatiza. "Chambua maharage yako."

Denis hakurusha. Aliziweka punje chini moja moja, akainamisha kichwa kama mtoto aliyesimama kwenye mlango wa watu.

"Shikamoo, mjomba."

Mfalme wa kibandani hakuwekewa jibu la salamu, na Zuhura alikuwa na haki ya kumuua palepale. Alimtazama Denis, akaona machozi, akatambua ni mjomba gani anayeamkiwa. Nasi tulibana pumzi kiasi kwamba nadhani hata mvua ilitusubiri.

"Marahaba," alisema hatimaye, bado kwa sauti nzito. "Mbona umelowa hivyo? Pita ndani."

Denis alikwenda Gairo. Baadaye aliniambia kwamba mjomba wa kweli aliitika bila kuinua macho kutoka kwenye karanga alizokuwa akipepeta, kisha akamsukumia kigoda kwa mguu, naye ndipo akaweza kupumua.

Siku hizi gemu zimo kwenye simu, na wafalme wanang'aa hadi jasho linaonekana. Juzi mwanangu alimwangusha mmoja kabla chai yake haijapoa. Nikamuuliza kama aliwahi kujaribu kwanza kuongea naye.

"Haongeleki huyo, baba," alisema, kidole kikiendelea kubonyeza. "Amewekwa apigwe tu."