Ukuta Uliomngoja Bi. Kamala

Usiku ule nililala nyumbani kwa Sunaina, mjini Janakpur, baada ya kumdanganya mchana kutwa.

Nieleze kwanza uongo wenyewe. Dada yake mkubwa, Bi. Kamala, alikuwa jirani yetu Tanga. Aliletwa huko akiwa bibi harusi, akazeekea huko. Ndiye aliyenifundisha Kihindi, na kuchora kama wanavyochora wanawake wa kwao: samaki, tausi, mianzi, maua ya yungiyungi, kila mstari mara mbili, pasibaki nafasi tupu. Mimi huwapaka hina maharusi. Mkono unaonilisha aliufundisha yeye. Alifariki mwaka jana. Nilisafiri mpaka Janakpur, mji ambako mahujaji huenda kumwabudu mungu wa kike Sita, ili niwaone nduguze na kuwasimulia alivyotutoka.

Bimal, mtoto wa Sunaina, alinipokea kituo cha basi. Habari za msiba alikuwa nazo tangu siku ileile. Nilimpigia simu mwenyewe.

"Mama sijamwambia," alisema. "Moyo wake si mzima, dada. Akikuuliza, sema hajambo."

Nikasema hajambo. Nikaongeza, miguu tu inamsumbua.

Sunaina alifurahi. Akanishika mkono akanipeleka kwenye chumba kimoja cha udongo, ukuta umesiribwa na kupakwa chokaa, hauna hata doa. Ni chumba cha harusi ya mjukuu wake. "Kwetu sisi mstari wa kwanza huchorwa na mwanamke mkubwa wa nyumba," alisema. "Tunamngoja dada." Mjukuu mwenyewe alisimama mlangoni, macho chini. Harusi yake ilikwisha kuahirishwa mara mbili.

Basi nikalala, nikaota.

Nilikuwa kwenye ngazi za bwawa, karibu na lile hekalu kubwa jeupe. Ilikuwa mchana, ila jua halikuchoma. Mahujaji walishuka kuoga na kupanda na nguo zimewaganda mwilini, na maji hayakutoa sauti. Kati yao alikuwamo Bi. Kamala. Hakuvaa sari. Alivaa kanga zake za nyumbani, moja kiunoni, moja kichwani. Sikushtuka. Nilijua kwamba amekufa, na nilijua kwamba hilo halizuii kitu.

Ananipita bila salamu, namfuata. Tunaingia vichochoroni, kuta za udongo zimejaa tembo na kasuku, naye anazigusa kwa kiganja moja baada ya nyingine, kama mtu anayepapasa nguo kambani kuona kama zimekauka. Tunakata kona, tuko jikoni kwake Tanga. Chapati iko kwenye chuma cha kupikia. Anaigeuza kwa vidole, kama zamani.

"Mwaka mzima hukuja kwangu," namwambia.

"Wewe ulinisindikiza vizuri. Kwako sina neno."

Jiko halipo tena. Tumesimama mbele ya ule ukuta mweupe. Anachovya kidole kwenye bakuli la rangi nyeusi, anakipitisha ukutani. Hakuna alama. Anachovya tena, anapitisha tena. Kisha ananigeuzia kidole nikione, bila huzuni, kama alivyokuwa akinionyesha nilipokosea.

"Mwambie Sunaina asiningoje. Mkubwa sasa ni yeye."

"Bimal amenikataza. Anasema moyo wake…"

"Moyo wa Sunaina naujua tangu nilipokuwa nikimbeba mgongoni. Bimal alikuwa wapi?"

Halafu anajilaza sakafuni kwa ubavu wa kulia. Naweka mkono chini ya kichwa chake. Ni kizito, na kina joto. Nataka kumuuliza nianze vipi, lakini amekwisha kulala.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi. Nje nilisikia maji. Sunaina alikuwa uani akiosha mchele.

Nilitoka nikachuchumaa mbele yake. Ujasiri sikuwa nao, nilikuwa na maneno niliyopewa tu, nikayatoa yalivyo.

"Mama mdogo, jana nilikudanganya. Bi. Kamala alifariki mwaka jana. Nimemwota. Amesema usimngoje. Mkubwa sasa ni wewe."

Mikono yake ikatulia ndani ya mchele. Bimal alikuwa ametokea mlangoni, amesikia. Akashika fremu ya mlango. Mama yake hakumtazama. Nilimwangalia kifua kikipanda na kushuka, nikihesabu pumzi zake bila kutaka. Zilikuwa nzito, lakini zilifuatana.

"Alikuwa peke yake?" akauliza.

"Hapana. Nilikuwa naye."

Akaitikia kwa kichwa. Akayamwaga maji ya mchele polepole, akaufunika, akajifuta mikono kwa ncha ya sari, akanivutia kigoda karibu na chake.

"Kaa," akasema. "Anza na asubuhi ya siku ile. Usiruke kitu."